Chakula kikavu cha mbwa wakubwa: Ubora husomwa nyuma ya mfuko

KATIKA Kata ya Ihanda, wilayani Karagwe, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Kagera, mbwa amezoeleka kula kinachobaki: ukoko wa ugali, ndizi zilizopoa, mchuzi wa maharage na vichwa vya dagaa. Mbwa wa kienyeji mwenye kilo 15, anayezurura mashambani kutwa nzima na kujitafutia nyongeza yake mwenyewe, ameishi hivyo kizazi baada ya kizazi.

Mambo hubadilika pale mwenye duka, ghala la kahawa au zizi la ng'ombe anapoamua kununua mbwa mkubwa wa ulinzi. German Shepherd, Rottweiler au Boerboel hushinda bandani mchana na kufunguliwa usiku. Hana mahali pa kujitafutia. Anachokipata ni kile tu anachowekewa, naye anakihitaji kwa wingi, kwani Boerboel dume aliyekomaa hufikia kilo 60 na zaidi.

Hapo ndipo mfugaji anapoanza kuulizia chakula kikavu cha mfuko, na hapo ndipo matatizo yake yanapoanza. Mifuko ina majina mengi, bei zinapishana sana, na picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa iko kwenye yote. Wengi huishia kuchagua kwa bei, ama wakichukua cha chini kabisa kwa kuwa mbwa ni mbwa tu, ama wakichukua cha juu kabisa kwa imani kwamba ghali haikosi sababu. Njia zote mbili zinaweza kumgharimu mfugaji mbwa wake, hasa kama mbwa huyo bado ni mtoto.

Nyuma ya mfuko

Punje za chakula kikavu hazina siri kubwa. Nafaka, unga wa nyama au samaki, mafuta, vitamini na madini huchanganywa, hupikwa kwa mvuke na shinikizo ndani ya mtambo, kisha husukumwa kupitia tundu dogo, hukatwa na kukaushwa. Teknolojia hiyo iliingia katika chakula cha mbwa nchini Marekani katika miaka ya 1950, na kampuni ya Purina ilianza kuuza chakula cha aina hiyo mwaka 1957. Baada ya kukaushwa, punje hunyunyiziwa mafuta kwa nje ili zivutie kwa harufu na ladha. Jambo hilo la mwisho litakumbukwa baadaye, linapofika suala la kuhifadhi.

Sehemu ya kwanza ya kusoma ni ndogo, na mara nyingi imefichwa chini ya picha. Ni sentensi inayoeleza kama chakula hicho ni kamili au ni cha nyongeza tu. Mifuko mingi huandikwa kwa Kiingereza, na neno la kutafuta ni "complete". Likionekana neno "complementary", maana yake ni kwamba chakula hicho hakikukusudiwa kuliwa peke yake siku zote, hata kama mfuko wake ni mkubwa na bei yake ni kubwa.

Sentensi hiyo hiyo hutaja umri. Kipo chakula cha mbwa wazima, kipo cha wanaokua, na kipo kinachodai kufaa kwa umri wote. Kwa mbwa mkubwa kuna swali la ziada: je, maneno yanataja ukuaji wa mbwa wa umbo kubwa, au yanataja ukuaji kwa jumla tu? Mwongozo wa Marekani unaotolewa na chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo, AAFCO, humhesabu mbwa kuwa mkubwa kama uzito wake wa utu uzima utafika takriban kilo 32. Kwa Ulaya, mwongozo unaofuatwa ni wa FEDIAF. Mfuko unaotaja mojawapo ya miongozo hiyo umejifunga kwa viwango vinavyojulikana.

Mifuko inayotoka Afrika Kusini ina alama yake. Sheria ya nchi hiyo Namba 36 ya mwaka 1947 inataka chakula cha wanyama wa nyumbani kisajiliwe, na namba ya usajili, inayoanza na herufi V, huchapishwa kwenye mfuko. Mfuko unaojitambulisha kuwa wa huko lakini hauna namba hiyo unastahili kutiliwa shaka.

Baada ya hapo ndipo vifuate viwango vya virutubisho. Mwongozo wa AAFCO unataka chakula cha mbwa mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 18 na mafuta yasiyopungua asilimia 5.5, unyevu ukiwa umeondolewa katika hesabu. Kwa mbwa anayekua, viwango ni asilimia 22.5 na 8.5. Chakula kikavu kwa kawaida huwa na unyevu wa asilimia 10 hivi, kwa hiyo namba zilizo kwenye mfuko hupanda kidogo unyevu huo unapoondolewa.

Orodha ya malighafi nayo inasomeka, ila inataka uangalifu. Malighafi hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, lakini uzito huo ni wa kabla ya kupikwa. Nyama mbichi ya kuku ina maji kwa takriban theluthi mbili ya uzito wake au zaidi. Inaweza kutajwa ya kwanza kwenye orodha, kumbe baada ya kukaushwa mchango wake ni mdogo kuliko wa unga wa kuku uliotajwa wa tatu. Viko pia viwanda vinavyoyagawa mahindi katika majina matatu, yaani mahindi mazima, unga wa mahindi na protini ya mahindi, ili kila jina lishuke chini ya nyama. Mwenye kusoma huyajumlisha tena kichwani. Hii si kusema kwamba mahindi ni uchafu. Mahindi yaliyopikwa vizuri humeng'enywa na mbwa bila taabu. Tatizo ni pale mnunuzi anapolipa bei ya nyama na kupata nafaka.

Maini, mapafu na utumbo vikionekana kwenye orodha havipaswi kumtisha mtu. Katika Kagera, kama kwingineko Tanzania, watu hula supu ya utumbo kwa hamu, na mbwa hana sababu ya kuwa mchaguzi kuliko mwenye nyumba.

Hesabu ni ya siku, si ya kilo

Bei ya kilo huwapotosha wengi kwa sababu kilo moja ya chakula kimoja haishibishi sawa na kilo ya kingine. Kinachopaswa kutazamwa ni nishati, ambayo mifuko mizuri huiandika kwa kilokalori katika kila kilo.

Ikichukuliwa kwa mfano, mbwa mzima mwenye kilo 35 na shughuli za wastani huhitaji takriban kilokalori 1,600 kwa siku. Chakula chenye kilokalori 3,200 kwa kilo kitamlazimu ale gramu 500. Chenye kilokalori 4,000 kitamtosha kwa gramu 400. Mfuko wa kilo 15 wa chakula cha kwanza utakwisha kwa siku 30, na wa pili utafika siku 37 na nusu. Kama wa kwanza ungeuzwa shilingi 90,000 na wa pili shilingi 108,000, basi wa kwanza ungekula shilingi 3,000 kwa siku na wa pili shilingi 2,880. Ule ulioonekana ghali ndio rahisi. Bei hizo ni za mfano tu, lakini hesabu yenyewe inaweza kufanywa dukani kwa simu ya mkononi, kwa mfuko wowote.

Mfuko usiotaja nishati wala kiasi cha kulisha kwa kila uzito wa mbwa humnyima mnunuzi nafasi ya kupiga hesabu hiyo. Hiyo peke yake ni sababu ya kuurudisha rafuni.

Kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko ni mahali pa kuanzia tu. Mbwa anayelala bandani hahitaji sawa na anayelinda ng'ombe mlimani. Kipimo cha kweli ni mwili wake: mbavu zake ziguswe kwa urahisi chini ya ngozi bila kuonekana kwa mbali, na akitazamwa kwa juu kiuno kionekane. Mizani ya kupimia magunia ya kahawa inatosha kabisa kumpima mbwa kila mwezi.

Wapo wanaoona fahari mbwa wa ulinzi awe mnene. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 nchini Marekani uliwafuatilia Labrador 48 tangu utotoni hadi kufa. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo ya kile walichopewa wenzao, na ndio walioishi takriban miaka miwili zaidi. Matatizo ya viungo nayo yaliwachelewa. Chakula kilikuwa kile kile kwa makundi yote mawili, tofauti ikiwa kiasi peke yake.

Mtoto wa mbwa mkubwa

Kosa baya kuliko yote hufanywa kwa nia njema, nalo humpata mtoto wa mbwa mkubwa. Great Dane huzaliwa akiwa na uzito wa nusu kilo au zaidi kidogo, na kabla hajatimiza miaka miwili huwa amepita kilo 50. Mifupa hukua kwa kasi ambayo mbwa mdogo hajui. Mwenye mbwa, akiiona kasi hiyo, hufikiri mifupa inahitaji kusaidiwa, na hapo humwongezea mifupa iliyosagwa, chokaa ya kuku au madini ya mifugo anayoyapata katika duka la pembejeo. Katika mkoa unaopakana na Ziwa Victoria, wapo wanaoongeza mapanki ya sangara, ambayo kwa sehemu kubwa ni mifupa.

Tafiti zilizofanywa katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, katika miaka ya 1980 kwa kutumia watoto wa Great Dane zilionyesha hatari ya jambo hilo. Mtoto wa mbwa katika miezi yake ya mwanzo hana uwezo mzuri wa kuikataa kalsiamu inapozidi. Sehemu kubwa ya anayopewa huingia mwilini, apende asipende. Matokeo yake ni mifupa isiyokomaa ipasavyo, miguu kupinda na viungo kuuma.

Kwa sababu hiyo, viwango vya AAFCO kwa ukuaji wa mbwa wakubwa vinataka kalsiamu isiyopungua asilimia 1.2 na isiyozidi asilimia 1.8 ya chakula kisicho na unyevu. Nafasi kati ya kidogo mno na nyingi mno ni finyu. Mtoto anayekula gramu 400 za chakula chenye kalsiamu asilimia 1.3 hupata gramu 5.2 kwa siku, kiasi kinachomtosha. Kijiko kikubwa cha mifupa iliyosagwa, chenye gramu 15 hivi, kinaweza kumwongezea karibu gramu 4 nyingine. Kwa kijiko kimoja tu, chakula kizuri kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kimekwisha kupita kiwango cha juu.

Chakula cha watoto wa mbwa kwa jumla pia si salama sana kwa mtoto wa mbwa mkubwa, maana nishati yake huwa nyingi na mtoto hukua haraka kuliko viungo vyake vinavyoweza kubeba. Kinachofaa ni kile kilichoandikwa wazi kuwa cha watoto wa mbwa wakubwa, naye aendelee nacho hadi miezi 12 au 18, na kwa mbwa wakubwa kupindukia hata zaidi. Mtoto mwembamba anayekua taratibu atafikia kimo kile kile alichoandikiwa na wazazi wake. Atachelewa tu kukifikia.

Safari ya mfuko na sumu isiyoonekana

Mfuko ulioshushwa bandarini Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,300 kabla ya kufika Karagwe. Unaotoka Kampala na kuvukia Mutukula huwa na safari fupi zaidi. Vyovyote iwavyo, chakula hupita kwenye malori, maghala na rafu za maduka, kwenye joto la bondeni na unyevu wa milimani. Ubora kilioupata kiwandani si lazima ndio unaofika Ihanda.

Adui wa kwanza ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zisizokaushwa vizuri. Watanzania wanaifahamu kwa uchungu. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nchini Kenya, mwaka 2004, waliokufa walikuwa 125. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa nayo upesi sana, na kwa kuwa hula chakula kile kile kila siku, sumu hujilimbikizia madhara kwenye ini lake bila kupumzika.

Viwanda vya nchi tajiri havikuepuka. Mwishoni mwa mwaka 2005 chakula kikavu kilichotengenezwa katika kiwanda kimoja cha Marekani kwa mahindi yenye sumukuvu kiliua mbwa wengi. Jambo hilo likajirudia mwishoni mwa mwaka 2020, na hadi Januari 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilikuwa imepokea taarifa za vifo vya zaidi ya wanyama 110. Marekani huruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 20 katika sehemu bilioni moja za chakula cha wanyama hao. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakinusiki, na kukipika chakula tena hakuiondoi sumu.

Mnunuzi hawezi kupima sumukuvu dukani, ila anaweza kupunguza hatari. Tarehe ya mwisho wa matumizi iwe mbali kwa miezi kadhaa. Namba ya toleo isomeke. Mfuko usiwe umetoboka, umeshonwa upya au una alama ya kulowa. Katika Tanzania, vyakula vya mifugo vina sheria yake tangu mwaka 2010, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), wenye kituo pia jijini Mwanza, hupima ubora wa vyakula hivyo. Mwenye kufuga mbwa wengi, kama kampuni ya ulinzi, ana sababu ya kuitumia huduma hiyo.

Suala la kupimiwa ndilo gumu kuliko yote. Si kila mtu anaweza kutoa bei ya mfuko mzima mara moja, na muuzaji anayefungua mfuko na kuuza kilo moja moja anatoa huduma inayohitajika. Hata hivyo, mfuko ukishafunguliwa, yale mafuta yaliyonyunyizwa nje ya punje huanza kuchacha, unyevu huingia, na mnunuzi wa kilo mbili hapati tarehe, namba ya toleo wala maelekezo. Hajui hata kama kilichomo ndani ya mfuko ndicho kilichoandikwa nje. Kati ya chakula cha jina kubwa kilichokaa wazi dukani kwa wiki kadhaa na chakula kamili cha bei ya kati kilichofungwa na kiwanda, cha pili ndicho bora. Majirani wawili au watatu wenye mbwa wanaweza kununua mfuko mmoja na kuugawana siku unapofunguliwa.

Kishawishi cha upande wa pili huja msimu wa kahawa, fedha zinapokuwa mkononi na mifuko mitano ikaonekana nafuu kuliko mmoja. Mfuko uliofunguliwa unapaswa kwisha ndani ya wiki nne hadi sita. Ambao haujafunguliwa hukaa zaidi, lakini kwenye stoo yenye mabati yanayochoma mchana na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika, tarehe iliyochapishwa kiwandani haina uhakika. Mfuko uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na viuatilifu na mbali na panya. Chakula kisimwagwe kwenye pipa lenye mabaki ya zamani. Mfuko wenyewe uingizwe ndani ya pipa lenye kifuniko, na mdomo wake ukunjwe.

Mbwa anayekataa ghafla chakula alichokizoea huenda anajua jambo. Akitapika, akilegea, macho na fizi zikawa za njano na mkojo ukawa mweusi, chakula hicho kisimamishwe siku hiyo hiyo, apelekwe kwa daktari wa mifugo, na mfuko usitupwe, maana ndio ushahidi.

Ugali, dagaa na maharage

Wafugaji wengi huchanganya punje na ugali ili mfuko ufike mbali. Hesabu yake haipendezi. Chakula chenye protini asilimia 22 kikichanganywa nusu kwa nusu na unga wa mahindi wenye protini asilimia 8, wastani hushuka hadi asilimia 15. Hata unyevu ukiondolewa, ni karibu asilimia 17, chini ya kiwango cha mbwa mzima na mbali kabisa na cha anayekua. Vitamini na madini yaliyopimwa kwa uangalifu kiwandani nayo hupungua karibu nusu. Mfugaji huyo amenunua chakula kamili na kukifanya kisiwe kamili kwa mkono wake.

Nyongeza isiyozidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku haileti madhara. Ikiwa mfuko hauwezi kutosha kwa zaidi ya nusu mwezi, ni afadhali kumwona ofisa mifugo na kupanga mlo wa nyumbani kwa vipimo, wenye dagaa, maini, mafuta na madini kwa kiasi kinachojulikana, kuliko kukisia. Dagaa wakavu wana protini kwa nusu ya uzito wao au zaidi, na katika Kagera hawapatikani mbali. Wawe safi, wasiwe wale waliojaa mchanga. Vitunguu visiingie katika mlo huo, kwani huharibu damu ya mbwa.

Maharage yanahitaji neno lake, kwa kuwa Karagwe ni nchi ya maharage. Katika maduka ya mijini kumeingia mtindo wa vyakula visivyo na nafaka, vinavyouzwa ghali kwa madai kwamba mbwa ni mbwamwitu. Mahali pa nafaka hujazwa njegere, dengu na jamii nyingine za kunde. Julai 2018 FDA ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliopatwa na ugonjwa wa moyo kupanuka huku wakila vyakula vya aina hiyo, na wengi wao walikuwa wa mbari kubwa. Hadi Desemba 2022, mamlaka hiyo ilipoacha kutoa taarifa za mara kwa mara, kiini hakikuwa kimethibitishwa. Shaka hiyo inatosha kumfanya mwenye mbwa mkubwa asilipe zaidi kwa ajili ya kutokuwapo kwa mahindi. Maharage machache yaliyopikwa vizuri hayana neno. Kuyafanya kuwa nguzo ya protini ya mbwa ndiko kusikoshauriwa, na yasiyoiva ni sumu.

Chakula kikishachaguliwa, mbwa mkubwa asipewe chote kwa mkupuo. Mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipindua, ugonjwa unaoua kwa saa chache na unaohitaji upasuaji ambao si rahisi kuupata wilayani. Mlo mmoja mkubwa kwa siku na kula kwa pupa huongeza hatari hiyo. Milo iwe miwili au mitatu, na asikimbizwe mara baada ya kula. Ushauri wa zamani wa kuinua bakuli juu ya kigoda haukuthibitika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue uliochapishwa mwaka 2000 ulihusisha bakuli lililoinuliwa na hatari kubwa zaidi, si ndogo. Mbwa anayejaribu kutapika bila kutoa kitu, huku tumbo likivimba, hapaswi kusubiri asubuhi.

Kubadili kutoka chakula cha zamani hadi kipya huchukua siku 7 hadi 10. Kipya huanza kwa robo, kisha nusu, kisha robo tatu, la sivyo mbwa ataharisha na chakula kizuri kitalaumiwa bure. Kipande cha mfuko chenye namba ya toleo na tarehe kikatwe na kuhifadhiwa hadi mfuko unaofuata utakapofunguliwa.